Mkasi, gundi na filamu ninazotaka kuziona

Samahani wasomaji kwa ukimya wa wiki kadhaa. Najua wapo wanaongoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, nami niliahidi. Itakuja. Ila kwa wiki tatu hivi, kila jioni, badala ya kukaa mbele ya tarakilishi (au kompyuta, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania), nimekuwa nikikaa mezani na mkasi, gundi na rundo la magazeti makuukuu, nikikata picha na habari za filamu ninazotaka kuziona na kuzibandika kwenye kaunta buku. Ndiyo, mkasi! Mtu mzima, mwandishi wa programu anayelipwa kwa kuandika msimbo, anakatakata karatasi kama mtoto wa chekechea. Mwenzangu mmoja wa kazini nilipomwambia alidhani natania. Alipoona sitanii akaniuliza kwa nini situmii programu ya simu tu, ilhali zimejaa tele na nyingi ni za bure.

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Leo ninalo, na ni refu kidogo, kwa hiyo kama una chai jikoni kaipakue kwanza.

Kilichoanzisha yote ni hiki. Nilikuwa na akaunti kwenye huduma moja ya kutiririsha filamu kupitia intaneti. Siitaji, maana tabia ninayoisimulia si yake peke yake. Mle ndani mna mahali pa kuweka filamu unazotaka kuzitazama baadaye, nami nilikuwa nikiweka, nikiweka, nikiweka. Miaka minne. Mara ya mwisho nilipohesabu zilikuwa kama 140. Januari nikaacha kulipia, kwa sababu ambazo mzazi yeyote wa Kenya anazijua bila kuelezwa: karo, sare, vitabu. Nikarudi Aprili. Orodha nikaikuta, lakini imekonda. Nikahesabu: 97.

Filamu huja na kuondoka, hilo nalijua, na filamu arobaini na kitu kuondoka si msiba. Kilichoniudhi ni kwamba sikuweza kujua ni zipi. Hakukuwa na jina lililofutwa kwa mstari, wala ujumbe, wala nafasi iliyoachwa wazi. Nilikaa pale kitandani nikijaribu kukumbuka, nikakumbuka sita au saba. Hizo nyingine, watu walionipendekezea, jioni niliyoziona zikitajwa, sababu iliyonifanya nizitake... zote zimekwenda. Nimepoteza kitu na hata sijui ni kitu gani. Si ajabu kabisa hiyo?

Kwa kuwa hapa ni kijiwe cha watu wanaopenda kufungua boneti, tufungue. Haki za kuonyesha filamu huuzwa kwa nchi na kwa muda. Filamu inaweza kuwepo Afrika Kusini na isiwepo Kenya. Inaweza kuwepo hadi tarehe 30 na tarehe 1 isiwepo. Kwa hiyo ndani ya mitambo yao, tukirahisisha, kuna jedwali la filamu zenye kibali nchini kwako leo, na kuna jedwali la zile ulizosema unazitaka. Ukifungua orodha yako, programu inaunganisha majedwali hayo mawili. Kuna namna zaidi ya moja ya kuunganisha. Muungano wa ndani hukuletea zile tu zinazopatikana pande zote mbili. Muungano wa kushoto hukuletea zote za upande wako, na pale ambapo upande wa pili hauna kitu, huacha pengo ili ulione. Msimbo wao sijauona, lakini nilichokiona kwenye skrini ni tabia ya muungano wa ndani. Aliyeuandika simlaumu sana, mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Ni neno moja tu la tofauti katika mstari wa SQL. Lakini angalia maana yake: ile haikuwa orodha ya filamu ninazozitaka. Ilikuwa orodha ya filamu ninazozitaka miongoni mwa wanazouza leo.

Ni sawa na mwenye duka anayekushikia karatasi yako ya ununuzi, na kila sukari ikimwishia anafuta neno sukari, usije ukakumbuka kwenda duka la jirani.

Huduma zenyewe nazo hazikai. Netflix ilifungua milango Kenya Januari 2016. Septemba 2021 ikaanzisha hapa mpango wa bure kwa wenye simu za Android, watu wakafurahi, na Novemba 2023 mpango huo ukaisha. Amazon ilikuja na mbwembwe za kugharimia filamu za Kiafrika, na Januari 2024 ikatangaza kwamba inaacha. Huko Marekani kwenyewe, Netflix iliyoanza mwaka 1998 kwa kuwatumia watu DVD kwa posta ilituma ya mwisho Septemba 2023. Kuna watu waliokuwa na foleni ya DVD waliyoipanga kwa miaka na miaka. Sisi wa zamani tumeshazoea mazishi haya. GeoCities ilizikwa 2009, Google Reader 2013. Mimi bado naomboleza hiyo ya pili, lakini tuiache.

Msije mkadhani nawacheka wengine. Mwaka 2008 niliandika programu yangu mwenyewe ya kupanga filamu, kwa PHP na MySQL, nikajisifu sana. Ilikuwa na kila kitu: jina, mwaka, mwelekezi, nyota hadi tano. Kampuni niliyokodi seva kwake ikafunga biashara, lakini mimi mjanja, nilikuwa nimechoma nakala kwenye CD. CD ninayo hadi leo, nimeiandika kwa kalamu nyeusi na kuitia kwenye bahasha. Tarakilishi yangu ya sasa haina mahali pa kuitia.

Sasa nifike kwa baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kathiani. Alifariki mwaka 2017. Baada ya mazishi, tulipofungua sanduku lake la bati kutafuta hati ya shamba, chini kabisa nikakuta daftari la mazoezi lenye jalada la khaki. Ndani amebandika matangazo ya sinema yaliyokatwa kutoka magazetini, ya miaka ya sabini mwishoni na themanini. Kenya Cinema. 20th Century. Odeon, ambayo siku hizi vijana wanaijua kama stendi ya matatu tu. Fox Drive-In, mahali ambapo ulipaswa kwenda na gari, na baba hakuwahi kuwa na gari hata siku moja! Amebandika matangazo 31. Yale manne aliyokwenda kuyaona ameyatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, ile ile ya kusahihishia. *Sholay* ina vema mbili, nadhani alirudi. Mengine 27 hayana alama.

Mimi sikujua kwamba baba anapenda sinema. Nimekaa na mtu huyo nyumba moja miaka 19, nikamtembelea kila mwezi miaka mingine mingi, tukaongea mahindi, siasa, ng'ombe na bei ya simenti. Sinema hata mara moja. Alikuwa akiniona na laptopu yangu iliyojaa filamu, akapita, akaenda kulala.

Tangazo moja kati ya yale 27 ni la *Kolormask*, filamu ya Sao Gamba ya mwaka 1986, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kutengenezwa na Mkenya. Ni hadithi ya kijana aliyekwenda kusoma Uingereza akarudi nyumbani na mke wa Kizungu. Pembeni baba ameandika kwa penseli: "Ya kwetu. Nauli?"

Hiyo alama ya kuuliza imenikalia kichwani tangu siku ile. Kutoka hapa Machakos hadi Nairobi ni kilomita sitini na kitu.

Basi nilipoona orodha yangu imekonda bila kuaga, nilikwenda kabatini nikalitoa lile daftari. Limekaa zaidi ya miaka 30 kwenye bati, katika joto la Ukambani, bila umeme, bila nywila, bila ada ya mwezi. Kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila herufi inasomeka. Na zile filamu ambazo hakuziona bado zipo pale pale, hakuna aliyemfutia.

Jambo la pili likanijia nilipoanza kumtafutia baba *Kolormask*. Nimetafuta kwenye kila huduma ninayoweza kuifikia. Sijaipata. *Saikati* ya Anne Mungai ya mwaka 1992, ya binti wa Kimaasai anayekimbia ndoa asiyoitaka, nayo katika huduma ninazolipia haimo. Haya, nenda uiweke kwenye "orodha yangu" ya simu. Huwezi! Unaandika jina, inakujibu kwamba hakuna kitu kama hicho, kisha inakuletea filamu nyingine sita zenye herufi zinazofanana. Yaani programu inakuruhusu kutamani kile tu ilicho nacho. Wenye programu za kuorodhesha filamu zisizouza chochote wana nafuu, nakubali, hizo unaweza kukuta *Saikati* humo. Lakini shuka ngazi moja. Filamu za Riverwood, zile za River Road zilizouzwa kwa VCD, za Kikuyu, za Kikamba, za Kiswahili, zilizopigwa kwa siku chache na kuuzwa kwenye vibanda: ngapi zina ukurasa popote? Nakumbuka vichekesho vya Kikamba vilivyokuwa vikichezwa kwenye mabasi ya Kitui tukivunjika mbavu, na leo siwezi kukuonyesha hata jalada.

Na hata zilizo maarufu zimeponea chupuchupu. *Who Killed Captain Alex?* ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, ya mwaka 2010, imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Nakala safi ya kwanza haipo. Diski ilibidi isafishwe ili filamu iliyofuata ipate nafasi! Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya mtangazaji VJ Emmie akipiga kelele juu yake, na wengi wetu tunaipendea hizo kelele. Nenda nyuma zaidi: kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu zaidi ya thelathini za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingine. Zilizosalia ni chache mno. Sidhani kama zilikuwa nzuri (za wakoloni kutuhubiria, unaweza kukisia), lakini waigizaji walikuwa watu wetu na ningependa kuona nyuso zao. Kwenye kaunta buku langu zina ukurasa. Sina picha, nimeandika tu kwa kalamu.

Kwa haki niseme kwamba sisi wa huku tulikuwa na njia yetu, na ilikuwa ya karatasi. Kabla bando hazijashuka bei ulikwenda duka la muvi na flashi yako na kijikaratasi chenye majina, ukamkabidhi kijana, akakunakilia kwa shilingi chache kila moja, na kama hana unachotaka anakwambia "hii chukua, ina DJ Afro." Haki za wenye filamu hapo zilikanyagwa, siwezi kutetea hilo, na watengenezaji wa Riverwood waliumia kuliko Hollywood. Lakini kijikaratasi kilikuwa chako. Kijana hakuwa na namna ya kukufutia jina mfukoni.

Niwaambie sasa daftari lenyewe nililifanyaje, maana nilikosea mwanzoni nikapoteza kurasa kadhaa.

Nilinunua kaunta buku ya kwaya 2 (kwaya hapa si ya kanisani), yaani kurasa 192, duka la vitabu karibu na marikiti. Gundi ya kwanza niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, kama tulivyofanya shuleni: vijiko viwili vya unga ukoroge kwanza na maji baridi, kisha motoni ukikoroga mpaka ing'ae. Inashika vizuri sana. Mende nao wanaipenda vizuri sana. Siku ya tatu pembe ya ukurasa wa pili ilikuwa imetafunwa. Nikahamia kwa gundi nyeupe ya seremala, iliyotiwa maji kidogo, na ukipaka ukurasa mzima karatasi inajikunja kama bati la mabati, kwa hiyo paka kingo tu.

Kosa la pili: ukibandika kila ukurasa, daftari linavimba upande wa mbele na kugoma kufunga, kama mdomo wa mamba. Dawa yake ni kukata baadhi ya karatasi, mimi nakata moja katika kila tatu, lakini usiing'oe yote: acha kipande chembamba kwenye mshono, upana wa kidole. Vile vipande vinajaza unene pale kati na daftari linafunga sawasawa. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtu aliyepata mdudu kwenye programu baada ya siku mbili.

Karatasi ya gazeti itageuka njano, huwezi kuizuia kabisa. Ni lignini iliyobaki ndani yake, ile inayoupa mti ugumu. Ikikutana na mwanga na hewa inabadilika rangi. Weka daftari gizani. Hatari zaidi ni tiketi za siku hizi. Zile za mashine, zinazofanana na risiti za supamaketi, hazina wino kabisa, ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, na baada ya muda maandishi yanafifia hadi karatasi inabaki tupu. Ninazo tatu ambazo sijui zilikuwa za nini. Ipige fotokopi, au angalau andika nyuma yake kwa kalamu siku ile ile.

Kila ukurasa filamu moja. Naandika jina, mwaka, mwelekezi. Halafu naandika mambo mawili ambayo ile programu yangu ya 2008, pamoja na majedwali yake yote, haikuwa na safu zake: nani kaniambia, na kwa nini naitaka. Mfano ukurasa wa 5, *Kati Kati* ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki Toronto mwaka 2016. Aliyeniambia ni dada wa duka la M-Pesa, nikiwa kwenye foleni. Alisema ni ya watu waliokufa wanaoishi kwenye hoteli porini, na kwamba nisiitazame peke yangu. Algorithimu ingeniambia "kwa sababu ulitazama hiki, utapenda hiki." Dada wa M-Pesa hajui nilichotazama. Alikuwa tu na kitu kifuani akataka kukisema.

Ukurasa wa 9 ni *Nairobi Half Life* ya 2012, kwa sababu ya aibu: kila mtu ameiona isipokuwa mimi, na miaka yote hii nimekuwa nikiitikia kwa kichwa kila wanapoitaja. Ukurasa wa 11 ni *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, dakika kama ishirini tu, ya mwaka 2009, ya Afrika Mashariki ya baadaye ambako maji yamekwisha. Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa kwa nini. Ukurasa unaofuata ni *Rafiki*, ya huyo huyo Kahiu. Hapo nimebandika vipande vya gazeti tu, kwa mpangilio: Aprili 2018, bodi ya uainishaji wa filamu yaipiga marufuku, Mei, yaonyeshwa Cannes, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule, Septemba, Mahakama Kuu yairuhusu kwa siku saba. Siku saba zile nilikuwa na kazi ya mteja iliyochelewa, nikasema nitakwenda Jumamosi, Jumamosi nikasema kesho. Wengine watauliza kwa nini naibandika hiyo. Naibandika kwa sababu nilitaka kuamua mwenyewe na sikuamua.

Mwenzangu wa kazini atasema, na kwa kweli alishasema, kwamba daftari halitafutiki. Sawa. Filamu 120 hivi (toa zile karatasi nilizokata) nazipitia kwa kidole kwa dakika mbili. Na ule ukomo wa kurasa umenisaidia: kwenye simu nilikuwa naongeza filamu kama mtu anayetupa kokoto kisimani, hapa kila moja inanigharimu robo saa na kipande cha gundi, kwa hiyo najiuliza kwanza kama naitaka kweli. Atasema pia lina nakala moja tu. Hilo ni kweli na linanitisha. Huku kwetu kuna mchwa wanaokula mlango wa nyumba, daftari wataliweza kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kila Jumapili napiga picha kurasa mpya kwa simu, naziweka kwenye diski mbili. Sijawa adui wa tarakilishi, jamani. Zinanilisha. Mji wa teknolojia wa Konza hauko mbali na hapa, na nawatakia heri. Ninachosema ni kwamba orodha ya mambo ninayoyatamani isikae kwa mtu anayeniuzia. Ikae kwangu, na yeye awe na nakala akitaka.

Na kama msomaji wangu yeyote anaandika programu ya namna hii, tafadhali: muungano wa kushoto. Acha pengo. Andika "haipo kwa sasa" kwa rangi ya kijivu. Ni kazi ya alasiri moja.

Inaniuma kidogo kwamba ninayasema haya nikiwa Machakos. Hapa ndipo wakati wa gavana wa kwanza wa kaunti, Alfred Mutua (2013 hadi 2022), aliyekuwa mtu wa filamu kabla ya siasa, aliyetupa *Cobra Squad* kwenye runinga, palianzishwa Machawood, vijana wafunzwe kuandika, kuigiza na kushika kamera. Vijana walijitokeza kwa wingi. Nani ana orodha ya filamu zilizotoka humo? Kama una CD, bango, hata tangazo la kuitwa kwa majaribio, usilitupe. Nimewaachia kurasa nne.

Ukurasa wa 1 bila shaka ni *Kolormask*. Sikulikata tangazo la baba, hilo linabaki kwenye daftari lake. Nimelipiga fotokopi, na chini yake nimeacha nafasi ya upana wa tiketi.

Jambo la mwisho. Binti yangu ana miaka tisa, ana jina la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita mwaitu. Jioni anakaa nami mezani, na yeye ndiye mwenye mkono mzuri wa mkasi. Alibandika *Supa Modo* ya Likarion Wainaina peke yake, akaichorea joho jekundu pembeni. Juzi nimetoka kujibu simu, nikarudi nikakuta amejaza ukurasa mzima: mbuzi mwenye miwani, amesimama juu ya vilima vya Mua, nyuma yake helikopta. Jina la filamu, mwelekezi (yeye), mwaka ameandika 2041.

Nikamwambia, "Mwaitu, hili ni daftari la filamu tunazotaka kuziona. Hii haipo."

Akasema, "Lakini Baba, mimi nataka kuiona."

Ni ukurasa wa 17. Kwenye "nani kaniambia" nimeandika jina lake, na ile makala ya hifadhidata nitaimaliza wiki ijayo, umeme ukikubali.